Maswali ya Wasomaji: Zamu, chai na kamba kwenye makumbusho ya mfereji

SWALI: Shikamooni wahariri. Naishi London, nalea wazee kwa zamu za usiku, na kuna Jumamosi ambazo sina kazi. Nimepita kwenye makumbusho ya mifereji karibu na stesheni ya King's Cross, nikaambiwa waendeshaji wengi ni watu wa kujitolea. Kiingereza changu ni cha kazini tu na mashua sizijui. Watanipa kazi gani?
Msomaji, Tottenham

JIBU: Marahaba, dada yetu. Jengo hilo lilikuwa ghala la barafu, lilijengwa miaka ya 1860 kwa ajili ya Carlo Gatti, mfanyabiashara wa barafu na aiskrimu. Barafu ilitoka Norway kwa meli, ikapandishwa mfereji wa Regent kwa mashua na kuhifadhiwa kwenye visima viwili chini ya sakafu. Makumbusho yalifunguliwa 1992. Jifunze kwanza habari za visima hivyo, kwa sababu ndivyo wageni wanavyoviulizia zaidi.

Katika makumbusho ya namna hii, mtu mpya wa kujitolea huanzia mapokezi, tena akiwa na mwenyeji pembeni yake. Fika nusu saa kabla ya kufungua: washa taa, hesabu chenji, hakikisha milango ya dharura haijazibwa na maboksi wala viti vya kukunja. Jioni fedha zihesabiwe na watu wawili na wote watie sahihi. Hakuna anayeshukiwa, siku hesabu isipolingana, sahihi mbili zinamkinga kila mmoja. Kiingereza cha kazini kinatosha. Anayejua kumsikiliza mzee anayerudia swali mara tatu ana ujuzi ambao mapokezi wanauhitaji sana.

Kinachovuruga makumbusho haya kuliko kuvuja kwa paa ni mtu kutofika zamu bila taarifa. Watu wasipotimia, mlango haufunguliwi, na familia iliyosafiri inarudi na watoto wake. Ukiona hutaweza, piga simu siku moja kabla. Na chai usiikimbie. Mezani pale ndipo watu wanapobadilishana zamu, wanapojua nani anaumwa, na nani anajua kushona turubai. Weka sarafu yako kwenye kopo, osha kikombe chako.

Nauli mara nyingi hurudishwa. Tunza tiketi na risiti, urudishiwe kiasi ulichotumia hasa. Posho ya mkupuo isiyo na risiti inaweza kuhesabiwa kuwa mshahara, na hilo ni zito kwa mwenye masharti ya viza.

Kazi ya kando ya maji isubiri mpaka ufundishwe, na usiishike asubuhi uliyotoka kazini bila kulala. Mashua nyembamba ya chuma yenye urefu wa mita 21 huwa na tani 15 na zaidi. Inakwenda polepole, kwa hiyo mtu hudhani ataizuia kwa mguu, na mguu unabanwa ukutani. Acha dafra, ule mto unaoning'inizwa ubavuni mwa mashua, ipokee kishindo. Kamba usiizungushe mkononi kamwe: izungushe kwenye nguzo, msuguano ndio uvute. Mtu akitumbukia, usimfuate. Mwite kwa sauti, mrushie kamba, mvute hadi penye ngazi. Kidonda kifunike kwa plasta isiyopitisha maji, na unawe kabla ya kula, maana mkojo wa panya majini hueneza leptospirosi, ugonjwa wa bakteria.

SWALI: Jirani yangu mzee amenipa kopo la maji la mashuani, limechorwa maua ya waridi na ngome. Limefubaa na lina kutu chini. Nataka kuwapelekea makumbusho likiwa safi. Nitumie ndimu?
Msomaji, Birmingham

JIBU: Ndimu na majivu vibaki kwenye sufuria, tafadhali. Asidi inakula zinki iliyofunika bati, halafu rangi inabanduka pamoja nayo. Huo unjano unaouona huenda si uchafu kabisa. Vanishi ya zamani hugeuka hivyo, na wengi wameisugua mpaka waridi likaondoka.

Pangusa vumbi kwa brashi laini, kuanzia juu. Chukua pamba kijitini, ilowanishe kidogo tu, ijaribu nyuma ya mkono wa kopo. Rangi ikija na pamba, acha hapo hapo. Usijaze maji wala maua: kutu huanzia ndani, kwenye mshono wa chini, na ukiiona nje imeshatoboa. Liweke mbali na hita na dirisha, penye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55.

Kilicho cha thamani zaidi ni maneno ya huyo mzee. Muulize leo: jina la mashua, nani alichora, mashua ilibeba nini. Andika yote. Kisha pigia makumbusho kabla ya kulipeleka, kwa kuwa huenda wanayo mengi. Wakilipokea, mwenye mali atie sahihi fomu ya kukabidhi. Kitu kilichoachwa mlangoni bila karatasi hakina mwenyewe, na hawawezi kukionyesha kwa amani.

SWALI: Handaki la Islington halina njia ya farasi. Mashua zilipitaje?
Mwanafunzi, Tanga

JIBU: Handaki hilo la mita 878, la mfereji wa Regent huko London, lilifunguliwa pamoja na mfereji, 1820. Farasi aliyevuta mashua alifunguliwa akapitishwa juu ya kilima, na mabaharia wakalala chali juu ya ubao, wakasukuma kuta kwa miguu mpaka upande wa pili. Foleni zikawa ndefu, hivyo 1826 ikaletwa mashua ya mvuke iliyojivuta kwa mnyororo uliolazwa chini ya maji, ikivuta mashua nyingine nyuma yake.