Antena ya bati la debe kwa njia za chini ya duara

Wachimbaji wadogo wa Kanda ya Ziwa huniuliza swali lilelile: redio koli inashika vizuri juu, mbona ukishuka duara, yaani shimo la mgodi, na kuingia njia ya pembeni inakata baada ya hatua chache? Wengi wameshatenga hela ya redio yenye wati nyingi zaidi. Hela hiyo iacheni kwanza.

Chini kule mawimbi hayatawanyiki kama juu. Kuta zinayaongoza, ila kila yanapozigonga zinakula sehemu ya nguvu. Kwenye njia iliyonyooka, ukizidisha masafa ya redio (megahezi zake, si umbali) mara mbili hasara hiyo hushuka hadi karibu robo. Ndiyo maana katika njia ya upana wa mita 2, redio ya megahezi 150, ambayo wimbi lake lenyewe ni mita 2, huchoka mapema, na ya 400 hadi 470 huenda mbali. Kupanda hadi gigahezi nyingi nako hakusaidii, maana kona na mwamba wa mabonde mabonde huyamaliza.

Antena ninayoipenda ni diskoni, sahani juu ya koni, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1945 kwa jina la Armig Kandoian. Fungua debe la bati, kata nusu mduara wenye nusu kipenyo cha sentimita 20, ukunje mpaka kingo zikutane, kisha uzichomee kwa risasi ya kulehemu. Pembe ya nyuzi 60 inajitokeza yenyewe, huhitaji kupima. Sahani iwe na kipenyo cha sentimita 14. Toboa ncha ya koni upitishe koaksia (waya wa antena wenye wavu wa nje na waya wa kati) ya omu 50: wavu wa nje uushike kwenye ncha, waya wa kati katikati ya sahani, na kati ya koni na sahani uache milimita chache tu kwa kipande cha plastiki. Maji hudondoka kule, paka silikoni.

Kwa nini antena pana, yaani inayoshika masafa mengi? Mwamba wenye maji, mabomba na mashine vikiwa karibu huitoa antena nyembamba, ya masafa machache, kwenye masafa yake. Hii haijali sana. Pima SWR (kipimo cha nguvu inayorudi redioni badala ya kutoka kwenye antena) palepale chini, si mezani: kuanzia 400 hadi 470 isizidi 2.

Sasa namna ya kuitundika, ambapo wengi hawasikii. Njia ikiwa pana kuliko kimo chake, ilaze antena ielekee ukuta hadi ukuta, katikati ya njia, mbali na mwamba. Na mwenye redio mkononi ailaze vilevile anapoongea. Njia ikiwa nyembamba na ndefu kwenda juu, isimamishe.

Detoneta za umeme (viwashio vya baruti) zikiwa zimetegwa, hakuna kubonyeza redio karibu nazo. Hapo sibishani na mtu.

Kona ndiyo adui mkubwa. Usiitundike antena mwanzo wa njia ukitegemea mawimbi yapinde. Itundike penye makutano, mahali unapoweza kusimama ukamulika tochi njia zote mbili.