Farasi anayekwaruza ardhi na kutazama ubavu: usimnyweshe mafuta

Ndugu, umeandika kwamba farasi wako amegoma kula tangu asubuhi, anakwaruza ardhi kwa mguu wa mbele na kugeuka mara kwa mara kutazama ubavu, na kwamba jirani amekushauri umnyweshe mafuta. Hizo ni dalili za msokoto wa tumbo. Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, usingoje kesho.

Jirani huyo anayetaka umnyweshe mafuta ya kupikia kwa chupa ana nia njema, lakini nakuomba sana usifanye hivyo. Farasi akiinuliwa kichwa na kumiminiwa kinywani, mafuta yanaweza kuingia mapafuni, na hapo utakuwa na magonjwa mawili ndani ya mnyama mmoja. Daktari akitaka kumpa mafuta hupitisha mrija wa mpira puani hadi tumboni, na kwa mrija huohuo hutoa gesi na maji yaliyojaa. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo tumbo likijaa kupita kiasi linaweza kupasuka.

Mwondolee chakula chote. Shika mshipa ulio chini ya taya, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Farasi mkubwa mwenye afya aliyetulia huwa na mapigo 28 hadi 44 kwa dakika; yakipita 60, mwambie daktari hapohapo kwenye simu. Mwambie pia alikunya lini mara ya mwisho.

Akitaka kujiviringisha, mtembeze taratibu. Akilala kimya, mwache apumzike. Sindano ya maumivu asichomwe kabla daktari hajasema, maana inaweza kuficha hali yake.