Wasomaji Wanauliza: Mchujo wa Viti vya Kaunti na Jiji Nchini Marekani

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji wetu wanaoishi Marekani, na karibu zote zinahusu uchaguzi wa mchujo, yaani kura ya awali ya kuwapata wagombea wa uchaguzi mkuu, hasa ule wa viti vya kaunti na jiji ambavyo magazeti makubwa huvitaja kwa nadra. Tumezifupisha barua hizo na kuziunganisha zile zilizofanana.

Swali: *Ndugu Mhariri, nimeapishwa kuwa raia na ninaishi Houston, Texas. Kwenye mchujo wa Machi niliambiwa nitaje kwanza chama ninachotaka kupigia kura, ilhali mimi si mwanachama wa chama chochote wala sina nia ya kuwa. Isitoshe, nimekuta nafasi ya "jaji wa kaunti". Nitamchaguaje jaji ilhali sheria siijui?*

Jibu: Ndugu msomaji, wasiwasi wako unaeleweka, kwa kuwa wengi wetu tumezoea mchujo ambao ni shughuli ya ndani ya chama, wenye kadi zao wakipanga foleni na viongozi wa juu wakibaki na neno la mwisho. Huko uliko, mchujo umewekwa na sheria ya jimbo, hugharamiwa kwa fedha za umma, na mpigakura hadaiwi kadi wala ada. Ulichoulizwa ni karatasi ipi upewe, ya Republican au ya Democratic, kwa sababu kila chama kina orodha yake na huruhusiwi kuchanganya. Ukishapiga kura katika mchujo wa chama kimoja, unahesabiwa kuwa upande wake kwa mwaka huo tu, na athari yake kubwa ni kwamba, ikiwa hakuna aliyevuka nusu ya kura na duru ya pili ikaitishwa mwezi Mei, hutaweza kuhamia duru ya pili ya chama kingine. Novemba, kwenye uchaguzi mkuu, uko huru kumpigia umtakaye.

Kuhusu jaji wa kaunti, jina hilo limewapotosha wengi, wakiwamo wenyeji. Katika kaunti kubwa za Texas mtu huyu kwa kawaida hasikilizi kesi kabisa. Yeye ndiye mkuu wa serikali ya kaunti na mwenyekiti wa chombo kinachoitwa mahakama ya makamishna, ambacho nacho, licha ya jina lake, ni halmashauri ya watu 5, yaani jaji huyo na makamishna 4, inayopitisha bajeti na kupanga kiwango cha kodi ya mali. Katiba ya jimbo haimtaki awe mwanasheria. Maafa yakitokea, yeye ndiye msimamizi wa dharura: wakati wa kimbunga Harvey mwaka 2017, aliyekuwa akitoa maelekezo kwa wakazi wa Kaunti ya Harris, ambamo Houston imo na yenye watu zaidi ya milioni 4, ni jaji wa kaunti wa wakati huo, Ed Emmett. Kwa hiyo unapowapima wagombea wa nafasi hii, waulize habari za mifereji ya mafuriko, barabara, hospitali ya umma na kodi. Majaji wenye kusikiliza kesi nao wamo katika karatasi hiyohiyo, tena ni wengi, na hapo ndipo mpigakura wa Houston anapochoka kabla hajafika mwisho.

Swali: *Mimi nipo Louisville, Kentucky. Mwezi Mei nilikwenda kituoni na kitambulisho changu, jina langu likaonekana daftarini, lakini nikaambiwa siwezi kupiga kura ya mchujo wa sherifu kwa sababu nilijiandikisha bila chama. Je, hii si dhuluma?*

Jibu: Ni sheria, ingawa unaweza kuilaumu kama wengi wanavyoilaumu. Kentucky ina mchujo uliofungwa: walioandikishwa Democratic huchagua wagombea wa Democratic, na wa Republican vivyo hivyo. Asiye na chama huruhusiwa kupiga kura tu katika nafasi zisizogombewa kwa vyama, kwa mfano za majaji. Kibaya zaidi kwa mtu asiyejua ni tarehe, kwa maana anayetaka kubadili chama chake ili ashiriki mchujo wa Mei anatakiwa awe amebadili ifikapo tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia. Watu wengi huanza kufikiria uchaguzi wanapoona mabango ya wagombea kando ya barabara mwezi wa Aprili, na wakati huo mlango umeshafungwa.

New York, Pennsylvania na Florida nazo hufunga mchujo wao kwa namna inayofanana na hiyo, ila kila moja ina tarehe zake. Georgia na Michigan hazimwandikishi mpigakura kwa chama. Huko unachagua chama wakati wa kupiga kura. Anayehama jimbo basi asidhani kwamba alichokizoea alikotoka kitamfaa anakokwenda.

Maoni yangu ni kwamba kwa mtu anayeishi katika kaunti ambayo chama kimoja kimeitawala kwa miaka mingi, kubaki bila chama katika jimbo lenye mchujo uliofungwa ni kuacha kura yake iliyo na nguvu zaidi. Katika kaunti za namna hiyo, anayeshinda mchujo wa chama kikubwa mara nyingi hana mpinzani wa maana Novemba, na pengine hana mpinzani kabisa. Sherifu anayeendesha polisi wa kaunti na mara nyingi jela yake, mwendesha mashtaka anayeamua ni nani afikishwe mahakamani na kwa kosa gani, mthamini wa mali ambaye makadirio yake huamua kodi ya nyumba yako, wote hao huwa wamepatikana Mei kwa kura za watu wachache. Kujiandikisha chini ya chama hakukulazimishi kukipenda. Kentucky ina hata mkuu wa jela anayechaguliwa kwa kura, cheo ambacho katika majimbo mengine hukabidhiwa mtu kwa kuteuliwa au humwangukia sherifu.

Swali: *Ilikuwaje Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, akapata asilimia 43 na ushei siku ya mchujo wa meya wa New York, kisha baada ya siku chache tukaambiwa ana 56? Kura nyingine zilitoka wapi?*

Jibu: Hazikutoka nje ya masanduku. Kwa nafasi za jiji, wapigakura wa mchujo wa New York hawaweki alama kwa mtu mmoja tu, bali wanaweza kupanga wagombea hadi 5, wa kwanza wampendaye zaidi, wa pili, na kuendelea, utaratibu ambao wakazi waliupitisha kwa kura ya maoni mwaka 2019. Ukitazama karatasi yenyewe, ina majina upande wa kushoto na safu 5 za viduara kuelekea kulia. Unajaza wino kiduara kimoja katika kila safu, na ukimrudia mtu yuleyule katika safu zote hujamwongezea chochote. Ikiwa hakuna aliyepita nusu ya chaguo za kwanza, wa mwisho huondolewa, na kila karatasi iliyomweka juu huhamia kwa mgombea anayefuata ambaye bado yumo.

Katika mchujo wa Democratic wa tarehe 24 Juni 2025, Mamdani aliongoza chaguo za kwanza, akifuatiwa na Andrew Cuomo, gavana wa zamani wa jimbo, aliyekuwa na takriban asilimia 36. Aliyeshika nafasi ya tatu, Brad Lander, alikuwa amekubaliana na Mamdani waombeane nafasi ya pili kwa wafuasi wao, jambo ambalo lingekuwa upuuzi katika uchaguzi wa alama moja, lakini hapa lina faida kwa wote wawili. Wagombea wengine walipoondolewa, karatasi zao zikagawanywa na hesabu ikaishia kwa 56 dhidi ya 44. Katika mchujo wa 2021 mambo yalikuwa ya kukaribiana mno: Eric Adams alimshinda Kathryn Garcia kwa kura 7,197 tu baada ya duru zote, katika jiji lenye watu zaidi ya milioni 8.

Kumbuka pia kwamba upangaji huu hautumiki katika uchaguzi mkuu wa Novemba. Vilevile Cuomo, baada ya kushindwa, aligombea tena Novemba kama mgombea binafsi, akashindwa tena. Majimbo mengi yana sheria zinazomzuia aliyeanguka katika mchujo asirudi kwa mlango huo. New York haikumzuia.

Swali: *Jamaa yangu wa California ananiambia walimpata afisa wa kaunti mwezi Juni, bila kusubiri Novemba, na karatasi haikuonyesha chama chochote. Anasema kweli?*

Jibu: Anasema kweli. Katiba ya California inataka nafasi za kaunti, jiji, shule na mahakama zigombewe bila vyama, na katika kaunti nyingi anayepata zaidi ya nusu ya kura kwenye mchujo amemaliza kazi. Asipopatikana, wawili wa juu hukutana Novemba, kama Karen Bass na Rick Caruso walivyokutana katika kinyang'anyiro cha meya wa Los Angeles mwaka 2022. Chicago nayo haina vyama kwenye kura ya meya, isipokuwa yao hufanyika Februari na marudio Aprili. Mwaka 2023 meya aliyekuwa madarakani, Lori Lightfoot, alitolewa katika duru ya kwanza.

Swali: *Nina kadi ya ukaazi wa kudumu, sijapata uraia. Viti ni vya jiji tu, si vya rais. Naweza kupiga kura?*

Jibu: Usithubutu kabla ya kuhakikisha kwa maandishi. Isipokuwa sehemu chache mno, kama mji wa Takoma Park huko Maryland, ambao umewaruhusu wasio raia kupiga kura katika uchaguzi wake wa mji tangu miaka ya 1990, kura ni ya raia pekee, na kujiandikisha kimakosa kunaweza kukuharibia ombi la uraia au kukusababishia kufukuzwa nchini. Kutembea nyumba kwa nyumba ukimnadi mgombea na kumchangia fedha kihalali, hayo mkazi wa kudumu anaruhusiwa.

Swali: *Mama yangu ni raia, ila anasoma Kiswahili tu. Karatasi ya mchujo ina majina ya watu asiowajua na vyeo asivyovijua. Nimsaidieje bila kuvunja sheria?*

Jibu: Kazi kubwa ifanyeni nyumbani. Ofisi za uchaguzi hutoa karatasi ya mfano kabla ya siku ya kura. Ichukueni, mketi nayo, na kwa kila cheo mwandikieni pembeni kazi yake kwa maneno machache: karani wa kaunti ndiye mtunza kumbukumbu, mweka hazina hushika fedha, mchunguzi wa vifo huthibitisha sababu ya kifo chenye utata, na katika kaunti nyingi si lazima awe daktari. Kisha mtafute kila mgombea amefanya nini kinachofanana na kazi hiyo, na ni akina nani waliomchangia, kwa kuwa taarifa za michango ni za wazi. Nafasi ambayo hamkupata habari zake inaweza kuachwa tupu, na kura zake nyingine hazitaharibika.

Sheria ya shirikisho ya haki za kupiga kura hailazimishi kaunti yoyote kuchapisha karatasi kwa Kiswahili, maana lugha inazozitaja ni Kihispania, za Kiasia na za wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska. Lakini kifungu chake cha 208, kilichoongezwa mwaka 1982, kinampa mtu asiyeweza kusoma karatasi haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe. Waliokatazwa ni mwajiri wake au wakala wa mwajiri huyo, na afisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Mtoto wake wa kumzaa hayumo katika makatazo hayo. Utaingia naye, utamsomea, na utajaza viduara anavyokuagiza, hata kama wewe ungechagua vingine. Katika baadhi ya majimbo, Texas ikiwamo, msaidizi hula kiapo mbele ya afisa wa kituo kabla ya kuanza, kwa hiyo beba kitambulisho chako pia.