Makapi ya zabibu yananuka na kujaa inzi: nifanyeje?

Ndugu, pole kwa usumbufu. Umeuliza kama makapi uliyobakiwa nayo baada ya kukamua divai unaweza kuyamwaga moja kwa moja kwenye matuta ya mboga. Nakusihi usifanye hivyo. Makapi mabichi yana asidi kali, pH yake (kipimo cha ukali wa asidi) mara nyingi ni kati ya 3.5 na 4, na bado yana kileo. Yataunguza mizizi michanga.

Yageuze kuwa mboji. Kwanza yakamue yachuje vizuri, maana yakilowa sana yanashikana, hewa haipiti, na harufu unayoisikia inaanzia hapo. Vikonyo usivitupe: vikatekate uvichanganye humo, ndivyo vinavyoachia hewa nafasi. Ongeza samadi, na chokaa ya kilimo kidogo kupunguza ukali. Lundo likipanda joto hadi nyuzi 55 hivi, uko sawa; ligeuze kila baada ya wiki moja au mbili. Utakuta maganda yameoza lakini mbegu bado nzima. Ni ngumu hizo, zichekeche uzirudishe kwenye lundo jipya.

Liweke mbali na kisima na mtaro, ulifunike mvua isilinyeshee. Maji yanayochuruzika humo yakifika mtoni humaliza oksijeni, samaki wakafa. Mashapo ya chini ya pipa la divai nayo usiyamwage kwenye bomba la majitaka, yachanganye na lundo kidogo kidogo.

Kama una mbwa, zungushia uzio leo hii: zabibu zinaweza kuharibu figo zake.