Usikope tena kuziba mkopo wa kausha damu
Dada yangu wa Ngamiani, umesema unauza samaki wa kukaanga, ulikopa kausha damu (ule mkopo wa riba kubwa unaorejeshwa kila siku) wa shilingi 200,000, unarejesha 10,000 kila siku kwa siku 30, na sasa unataka kukopa kwingine uzibe. Nakusihi, usikope. Hiyo ni 300,000 kwa 200,000! Mfuate mkopeshaji na daftari lako la marejesho, omba akupunguzie rejesho la siku. Hela ya samaki na mafuta usiiguse hata akifoka. Huo ndio mtaji wako; ukikatika, kesho utamlipa nini? Ukimaliza, ingia kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha majirani mnaoaminiana. Tena muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata: halmashauri hutenga asilimia 4 ya mapato ya ndani kukopesha vikundi vya wanawake, bila riba.