Fluti ya chuma haipakwi mafuta kwenye viungo

SWALI: Nafundisha bendi ya shule hapa Tanga. Fluti yetu moja ilikuwa ngumu kuunganisha, fundi akanishauri nipake Vaselini kwenye viungo. Mwanzoni ililainika, sasa inakwama kuliko awali, na kibonyezo cha G-shapu kinanata. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, ifute Vaselini yote leo. Ushauri huo ni wa klarineti na saksafoni, ambazo viungo vyake vimezungushiwa gome laini, lile la vizibo vya mvinyo. Gome likikosa mafuta hukauka na kumeguka. Fluti ya chuma haina gome hapo. Chuma huingia ndani ya chuma, vyote vikavu. Ukipaka mafuta, yanashika vumbi na unga wa chuma unaosagika kila unapounganisha, na baada ya siku chache una tope jeusi linalokwaruza na kukaza. (Pikolo, yaani fluti ndogo, nyingi zina gome. Hizo zipake mafuta yake maalumu, kidogo tu.)

Chukua kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi, kitie matone machache ya spiriti ya hospitali. Futa ncha inayoingia na ndani ya bomba linaloipokea, hadi kitambaa kitoke cheupe. Spiriti isiguse pedi, vile vizibo laini vilivyo chini ya vibonyezo. Msasa usiulete karibu kabisa: chuma kilicholiwa hakirudi, na kiungo kitaanza kuvuja hewa.

Kisha unganisha. Shika kiwiliwili juu kabisa, penye jina la kiwanda, pasipo na vibonyezo wala vyuma vyake virefu. Zungusha kichwa, kile kipande chenye tundu la kupulizia, huku ukikisukuma taratibu na kwa unyoofu. Wanafunzi wengi hukitikisa kushoto na kulia, na hapo ndipo ncha inapopoteza uduara. Ikiwa baada ya kusafisha bado inakaza, ncha imebonyea: inahitaji kifaa cha kuirudishia uduara, na kazi hiyo ni ya fundi wa ala za kupuliza.

G-shapu hukaa imefungwa muda wote, ndiyo maana hunata mapema, hasa mtoto akipuliza akitoka kunywa soda. Chukua karatasi ya kusokotea sigara, kata ukingo wenye gundi. Fungua kibonyezo, weka karatasi chini ya pedi, achia ibanwe sekunde chache, fungua tena, ndipo uitoe. Rudia kwa sehemu kavu. Usiivute ikiwa imebanwa, kwa sababu pedi ni sufi iliyofunikwa utando mwembamba sana, nao huchanika. Vaselini ikiwa imefika kwenye utando, pedi ibadilishwe.

Linalonikera ni mafundi wa kila kitu wanaobebesha shule hasara. Mmoja anapulizia dawa ya kulegeza nati zenye kutu. Inalowesha pedi na kuacha utando unaonata. Mwingine anasugua kwa dawa ya meno, na fluti nyingi za wanafunzi zimepakwa fedha kwa juu tu, tabaka jembamba linaloisha. Wa tatu anaitumbukiza nzima kwenye maji ya sabuni: pedi zinavimba, springi zinashika kutu. Na wapo wanaokaza kifuniko cha mwisho wa kichwa "kisilegee", wakahamisha kizibo cha ndani na kuharibu usawa wa sauti zote. Kabla ya kulipa, ingiza fimbo ya kusafishia kichwani, upande wenye mstari. Mstari uonekane katikati ya tundu la kupulizia, yaani kizibo kiwe milimita 17 hivi kutoka hapo. Usipoonekana katikati, usiipokee.