Jibu: Miungu ya kale ya Uskoti ilikuwa ya nani?

Salaam ndugu. Umekwama kwa sababu orodha ulizosoma zinamweka Brigantia, Epona na Cailleach kapu moja, kana kwamba wote walizaliwa Uskoti kwa Wakelti, watu wa kale wa Ulaya magharibi. Nami nilipotea hapohapo, hadi nilipoacha orodha na kuanza kuuliza: jina hili limechongwa kwenye jiwe gani, na nani alilichonga?

Anza na ngome ya Kirumi ya Birrens, kusini mwa Uskoti. Brigantia, mungu wa kike wa kabila la Brigantes la kaskazini mwa Uingereza, amechongwa pale akiwa na mkuki na ngao ya Minerva pamoja na mabawa ya Victoria, miungu wa kike wa Kirumi, yaani mwenyeji aliyevishwa mavazi ya Kirumi. Ngomeni humohumo, askari wa Tungri, ambao asili yao ni Ubelgiji ya leo, waliwawekea madhabahu Viradecthis na Ricagambeda, miungu waliyokuja nayo kutoka kwao. Epona, mlinzi wa farasi, ni wa Gaul, yaani Ufaransa ya leo na jirani zake. Huko Auchendavy, kwenye Ukuta wa Antoninus, ukuta wa Kirumi uliokatiza Uskoti na ulioanza kujengwa mwaka 142, akida mmoja wa jeshi la Kirumi alimtaja kwenye jiwe moja na miungu ya Kirumi Mars, Minerva na Hercules.

Cailleach, bibi kizee wa majira ya baridi katika simulizi za Kigaeli, ndiye atakayekushangaza. Watu humwita wa kale kuliko wote, lakini jina lake, lenye maana ya aliyefunikwa shela, limetokana na neno la Kilatini pallium, lililoingia Kigaeli, lugha ya Waayalandi na Waskoti, pamoja na Ukristo. Simulizi zake huenda ni za zamani zaidi; jina, hapana.